API Freshwater Master Test Kit: kipimo cha maji kwa mwenye tangi la mimea Nairobi

Kama unafuga samaki Nairobi na tangi lako lina mimea, nunua kisanduku hiki kabla ya chupa yoyote ya kuua mwani. Nasema hivyo kwa sababu ya maji yetu. Siku za mgao mfereji ukikauka, tunaitisha bowza, na mara nyingi bowza limejazwa kisimani. Maji ya bwawa la Ndakaini yanatoka kwenye mito ya Aberdare, nayo ni laini; ya kisima hupanda na chumvi za ardhini na floridi. Ukiyatazama kwenye ndoo huwezi kuyatofautisha. Huku kwetu South B, mimi hupima kila msimamizi wa ploti anapojaza tangi la maji la juu ya paa, na nimeona pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiruka kutoka 7.2 hadi 8.4. Mruko huo ni hatari kwa samaki, maana amonia ileile, ile itokayo kwenye taka zao, huwa sumu kali zaidi pH ikipanda.

Ndani mna chupa 7 za dawa, mirija 4 ya kioo na kadi ya rangi. Unapima pH ya chini na ya juu, amonia, nitriti na nitrati (bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati). Kinatosha hadi vipimo 800, kwa hiyo bei inayokushtua dukani inasambaa kwa muda mrefu.

Nitrati ndiyo inayotaka subira. Jaza mililita 5 za maji, tia matone 10 ya chupa ya kwanza, pindua mrija uchanganyike. Chupa ya pili itikise kwa nguvu sekunde 30, kwani dawa yake hutuama chini na kushikana. Mimi huigonga kwanza kwenye ukingo wa meza. Tia matone 10, tikisa mrija dakika nzima, kisha subiri dakika 5. Ukitikisa kivivu, mrija unabaki wa manjano na utaamini nitrati iko chini wakati iko juu. Usizibe mrija kwa kidole, ule una asidi. Kifuniko chake kipo. Rangi isome mchana karibu na dirisha, kwa sababu balbu ya sebuleni inafanya rangi za 10 na 20 (ppm, yaani miligramu kwa lita) zifanane kabisa.

Sasa mwani. Wengi hufurahi nitrati ikisoma 0, lakini nitrati ni chakula cha mimea, na kwenye tangi la mimea 0 ni njaa. Majani ya zamani yanageuka manjano, yanaanza kuoza, na mwani unayavamia. Mimi huridhika ikiwa kati ya 10 na 20. Ikiwa nitrati iko hapo, amonia na nitriti ni 0, na bado nyuzi za kijani zinashika majani, yaache maji, kagua mwanga. Sisi tuko karibu na ikweta: dirisha la mashariki linapigwa na jua la asubuhi Januari hadi Desemba. Vuta pazia, na taa iwake saa 6 tu kwa siku mpaka mimea ipate nguvu. Mmea wa Anubias uhamishie kivulini. Hukua polepole mno, jani moja linakaa miezi mingi, ndiyo maana mwani hulipata kabla ya mimea mingine.

Kisanduku hiki nakithamini zaidi stima ikipotea usiku kucha. Kichujio kikisimama, bakteria wanaosafisha amonia wanakosa oksijeni. Asubuhi pima amonia kabla hujalisha samaki. Ikisoma hata 0.25, punguza chakula na ubadilishe sehemu ya maji siku hiyohiyo, ukiyatoa klorini kwanza kama ni ya mfereji.

Hakipimi ugumu wa maji, yaani GH (ugumu wa jumla) na KH (ule unaozuia pH isiruke), wala fosfeti, wala klorini. Anayetegemea bowza anunue kipimo cha KH kando. Kwake ni lazima.

Dukani, fungua kisanduku usome namba ya bechi kwenye kila chupa. Tarakimu 4 za mwisho ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa: 0924 ni Septemba 2024. Kama kimekaa rafuni miaka mingi, omba kingine.