Sponji au matumbawe kwenye filta ya samaki?
Mie kwa tangi la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, naenda na sponji. Inanasa uchafu, bakteria wanaomaliza amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wanakaa mlemle, na ikiziba unaikamua tu kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, si ya bomba maana klorini itawaua. Vipande vya matumbawe vina vitundu vingi kweli, bakteria wanapata pa kukaa, ila ile ni chokaa bwana, inayeyuka kidogokidogo inapandisha pH (kipimo cha uasidi, ikipanda asidi inapungua) na ugumu wa maji, na maji ya visima hapa Unguja mshaona birika linavyoshika ukoko mweupe, sasa unaongeza cha nini? Samaki wa Ziwa Tanganyika watafurahi, wamezoea maji magumu, ila neoni tetra, wale samaki wadogo wa maji laini, wala. Ukitaka vyote, sponji ianze maji yanapoingilia, matumbawe nyuma, la sivyo vitundu vinajaa tope.