Nagona niliiacha, Vuta N'kuvute ikanifikisha stendi bila kujua

Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni kitabu chembamba. Ungedhani utakimaliza kwa siku mbili. Nilikaa nacho wiki tatu hapa Moshi, nikisoma jioni duka likipoa. Hakuna kisa cha kushika mkono: ni ndoto, mafumbo na falsafa, na kila aya inakudai usimame. Nilipoona narudia ukurasa uleule mara ya nne, nikakifunga. Si kitabu kibaya. Lugha yake ni nzito kama shairi, na aliyezoea Rosa Mistika ya mwandishi huyohuyo atashangaa. Mimi nilikuwa nimechoka, nikitaka mtu wa kumfuata.

Huyo nilimpata kwa Adam Shafi. Katika Vuta N'kuvute (1999), Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa kuwa baba yake. Anamtoroka akiwa Mombasa na kurudi Unguja. Jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, shoga yake wa mtaa wa Ng'ambo, hukohuko Unguja. Hapo nilishindwa kukiweka chini. Kisha anakuja Denge, anayepambana na ukoloni wa Waingereza, na mapenzi yanachanganyika na hofu ya polisi.

Nilikisoma ndani ya Coaster kuelekea Arusha, kidole kikiwa kwenye mstari kwa sababu ya mtikisiko. Usa River ilipita sikuiona. Konda akanigusa bega: “Dada, tumefika stendi.” Nikamwomba anisubiri nimalizie aya.

Kwa anayeanza riwaya za Kiswahili, nampa Yasmin bila kusita.