Steshenari ya Ligula, Mtwara: walivyonisaidia kwa faini ya gari iliyotumwa anwani ya zamani

Duka hili ni dogo, lipo Ligula, Mtwara mjini, kando ya barabara inayoelekea hospitali ya rufaa ya mkoa, na ubao wake wa nje unataja kazi zile zile zinazofanywa na kila steshenari ya hapa mjini: kutoa kopi, kuprinti, kuchapa barua, kuomba TIN, kuangalia deni la gari. Nalisifu kwa kazi hiyo ya mwisho, kwa sababu niliwapelekea jambo lililokuwa limefungamana, nao wakalifumbua bila kuniacha nilipe hata shilingi moja isiyonihusu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ninamiliki Canter ya mizigo niliyoinunua kwa mkopo, na kadi ya gari ina jina langu pamoja na jina la kampuni iliyonikopesha, ambayo ndiyo inayoishikilia kadi hiyo mpaka deni litakapokwisha. Nilipohama kutoka Lindi kuja Mtwara niliiandikia kampuni barua ya kubadilisha anwani, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Msimu wa korosho ulipoanza, dereva niliyekuwa naye wakati huo alipigwa tochi, yaani kipima mwendo cha polisi, Mtama akitokea Masasi, akaandikiwa faini, akakaa kimya, na baadaye akaacha kazi. Kampuni ilipokagua madeni ya magari iliyoyakopesha iliikuta faini hiyo, ikaniandikia barua ya kunitaka niilipe ndani ya siku 14, kisha ikaituma kwenye sanduku la posta la Lindi ambalo sikuwa nalo tena. Watu wanaolitumia sanduku hilo sasa walimpa barua jirani yangu wa zamani, naye akanitumia kwa kondakta wa basi. Iliponifikia, siku zilizotajwa ndani yake zilikwisha kupita, na taarifa ya mkopo wangu ilikuwa imeongezwa shilingi 50,000 zilizoandikwa kuwa ni gharama za ufuatiliaji.

Binti anayehudumia dukani aliisoma barua yote kabla ya kuigusa kompyuta, akipitisha kalamu chini ya kila mstari wenye tarehe au kiasi cha fedha. Baada ya hapo akaniambia, "Baba, hapa pana madeni mawili, na kila moja lina mwenyewe. Tusiyachanganye." Kauli hiyo ndiyo iliyoniokoa, maana barua ilikuwa imeyajumlisha yote mawili katika kiasi kimoja na kunitaka nilipe kwenye akaunti ya kampuni.

Deni la kwanza lilikuwa la serikali. Aliingia kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa kuangalia madeni ya faini za barabarani, ambao humruhusu mtu yeyote kutafuta kwa namba ya usajili wa gari, kwa namba ya leseni au kwa namba ya karatasi ya faini, akaingiza namba za Canter yangu, na deni likatokea likiwa na tarehe, mahali na aina ya kosa. Hapo alinieleza kwa utulivu jambo ambalo wamiliki wengi wa magari wangefaa kulielewa: faini hii hufuata namba ya gari na leseni ya dereva, haifuati sanduku la posta, kwa hiyo barua ya kampuni kupotelea Lindi hakukuifuta wala kusimamisha siku zake. Kiwango ni shilingi 30,000 kwa kosa moja la gari, na shilingi 10,000 kwa pikipiki na bajaji tangu viwango vya vyombo hivyo viliposhushwa mwaka 2021. Ikichelewa kulipwa huongezewa adhabu, na siku huanza kuhesabiwa dereva anapokabidhiwa karatasi yake barabarani. Kwa sababu hiyo sikuidai kampuni fedha za nyongeza ya kuchelewa. Hizo zilitokana na ukimya wa dereva, na ingekuwa dhuluma kumtwisha mtu mwingine.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba hakuharakisha kunitolea namba ya kumbukumbu ya malipo. Aliniomba kwanza nilinganishe tarehe na mahali pa kosa na daftari langu la safari, akanikumbusha pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimlazimishi mtu kulipa papo hapo kosa asilolikubali, kwani anaweza kulipinga mahakamani. Daftari lilionyesha kuwa gari lilipita Mtama siku hiyo likiwa na magunia ya korosho, na katika eneo la makazi mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, hivyo nikakubali kulipa. Namba ya malipo ilipotakiwa, aliniuliza namba ya simu yangu mwenyewe na kuijaza mbele ya macho yangu. Nimeona maduka yanayojaza namba ya mhudumu, ujumbe wa uthibitisho ukaishia kwenye simu ya mtu mwingine, na mteja akaondoka na karatasi tu mkononi. Nililipa kwa simu nikiwa nimesimama pale pale, na baada ya muda mfupi akaingiza tena namba za gari na kuniprintia ukurasa unaoonyesha kuwa halidaiwi.

Deni la pili, yaani zile shilingi 50,000 za kampuni, lilihitaji barua. Alichukua bahasha iliyokuja na basi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha mpaka muhuri wa posta ukasomeka, akaandika tarehe yake pembeni, halafu akaomba nakala yangu ya barua ya kubadilisha anwani. Tarehe ya kupokelewa iliitangulia ile ya bahasha kwa miezi kadhaa. Hoja yetu yote ilisimama hapo: kampuni ilijulishwa, ikakiri kupokea kwa muhuri wake, kisha ikatuma madai kwenye anwani iliyoambiwa iache kuitumia, na ikanitoza gharama kwa kutojibu barua ambayo haikuniletea. Barua aliyoichapa ilikuwa na aya tatu fupi. Hakuweka malalamiko ya jumla wala maneno makali, na alitaja viambatisho kwa mpangilio: nakala yenye muhuri, kopi ya bahasha, uthibitisho wa malipo ya faini na ule ukurasa wa mfumo. Juu kabisa aliweka anwani yangu ya makazi kama ilivyosajiliwa, yaani namba ya nyumba, jina la mtaa na postikodi inayoanza na 63 ya Mtwara, ili isichanganywe tena na ile ya Lindi inayoanza na 65.

Gharama yote, pamoja na kopi, ilikuwa shilingi 6,000, na naiona ni halali kwa kazi iliyochukua sehemu kubwa ya asubuhi. Kampuni imekwisha kuzifuta zile 50,000 na kusahihisha anwani. Riba iliyokatwa juu yake kwa mwezi mmoja bado haijarudishwa, na barua ya pili ipo njiani.

Yapo mambo ambayo duka linapaswa kuyarekebisha. Kopi za leseni, kadi na kitambulisho cha taifa hubaki kwenye kompyuta ambayo vijana kadhaa huitumia kwa zamu. Nilipoomba zangu zifutwe alizifuta bila kinyongo, lakini mteja asiyejua kuomba huziacha pale, na hili si jambo dogo kwa nyaraka za namna hiyo. Risiti yao ni ya kuandikwa kwa mkono. Nafasi ya kukaa ni benchi moja lililo mlangoni, na kila anayepita husikia deni lako likisomwa, jambo linalowasumbua hasa watu wazima. Tena ubora wa huduma unamtegemea binti huyu mno: siku niliyorudi kuchukua nakala nilimkuta kijana mwingine, mwenye adabu nzuri, lakini akataka kunitolea namba ya malipo kabla hata hajaniuliza nimekuja kwa shida gani.

Anayekwenda na suala la namna hii amuulize binti wa asubuhi, ambaye huwapo mpaka saa nane mchana isipokuwa Jumapili. Achukue kopi ya kadi ya gari, leseni ya dereva aliyekuwa kazini siku ya kosa, barua aliyotumiwa pamoja na bahasha yake, na simu yenye salio la kutosha kulipia faini akiwa hapo hapo.