Fotokopi ya pembeni ya iniversite: kurelye bako nguvu, Kigreki hapana

Bale benye bananiuliza fasi gani nilirelyesha buku yangu ya barua za bazungu ba zamani, ni ku ile fotokopi kiloko hapa Lubumbashi, pembeni ya iniversite, jina yao sitasema juu kiko pia matope nitabatupia. Kurelye banajua kabisa, kartoni iko nguvu, kurasa haziachii ata ukifungua buku mpaka mwisho, na bei haina ya kulia.

Shida ni Kigreki. Mule mulikuwa bintu bya Uingereza ya karne ya 19, wakati batu ba madini na batu ba Homer, ule mutunga mashairi wa Bagreki ba zamani, balikuwa banaandikianaka sawa majirani. Schliemann, mutu wa kuchimba bintu bya zamani, anachimba Mycenae, muji ya zamani ya Bagreki, mu 1876, bipande bya metali binafika London kwa John Percy, mutu ya metalurji, anapima, anakuta bronzi, maana yake mukuba yenye kuchanganywa na eteni, na sisi ba Katanga ukisikia mukuba ya miaka zaidi ya 3000 lazima usimamishe masikio! Gladstone, ule yenye alikuwaka premier ministre wa Uingereza, njo anaandika utangulizi ya buku ya Schliemann, juu Homer ilikuwa ugonjwa yake.

Halafu kuko mambo ya chuma, pale njo nilikosa usingizi. Mu Iliad, shairi ya Homer ya vita, kitabu ya 23, Achilles, mupiganaji mukubwa wa Bagreki, anaweka bonge ya chuma kuwa zawadi ya mashindano, anasema mwenye kuipata, ata mashamba yake iko mbali, miaka 5 muchungaji wala mulimaji wake hataenda ku muji kutafuta chuma. Sasa batu benye silaha zao ni bronzi, ile chuma balitosha wapi? Bamoya banasema ku mbingu, juu chuma ya meteoriti, yale mawe yenye kuanguka toka mbinguni, iko na nikeli, ukiikata, ukiisugua, ukiimwangia asidi, mara mingi inatosha mistari yenye kupitana. Na ile wakati Story-Maskelyne, mukubwa wa madini ku British Museum (1857 mpaka 1880), alikuwa anapasua meteoriti ingine, jiwe ya Bustee, yenye ilianguka India mu 1852, anakuta mule oldhamiti, madini ya kalsiamu na salfa, kitu chenye maji kidogo tu inaharibu.

Sasa fikiri unafika pale penye balimutaja Homer mwenyewe, mistari ya Kigreki, unakuta biboksi tupu, biboksi biboksi mpaka chini. Kijana ananiambia "papa, ku fishi yako njo vile ilikuwa". Uongo, PDF yangu ilikuwa safi, ni beye balipitisha bintu mu Word bila kuuliza. Balirudilia zile kurasa, ni kweli, lakini balinilipisha tena.

Kwa memware ya Kifaransa wende tu bila woga. Kama uko na Kigreki ao formile za kemia, simama pembeni ya mashini, sema batoshe mu PDF moja kwa moja, na uangalie ukurasa moja mbele baendelee. Nyota 3 juu ya 5, ya 4 nitabapa siku banarudisha franka zangu.