Niliuliza kuhusu barafu, nikaambiwa nihamie Feri

"Hamia Feri basi." Yaani nihamie kwenye soko la samaki la Dar. Hilo ndilo jibu nililopewa na muuzaji wa kamba wa baharini hapa Dodoma, mtu ambaye nilishamtumia hela yake yote kwa simu kabla hata kijana wa bodaboda hajawasha pikipiki. Sikumtukana wala sikupaza sauti. Nilimwuliza jambo moja tu: kaka, hizi kilo 2 umezipima kabla ya barafu au pamoja na barafu?

Mambo ya barafu nayajua, ndiyo maana jibu lile linanikera mpaka leo. Kamba wa kugandisha huchovywa kwenye maji baridi ili wavae ganda jembamba la barafu, lisiwaache wakauke ndani ya friza. Hilo ni jema na sina ugomvi nalo. Lakini mteja analipia kamba, halipii maji. Uzito anaouziwa uwe ule wa kabla ya ganda. Mimi nililetewa bonge zima la barafu, kamba wamenasa humo humo. Nikawayeyusha kwenye friji usiku kucha, ndani ya chujio, bakuli chini. Asubuhi mizani ikasoma kilo 1.3. Hata ukitoa yale maji machache yanayotoka kwenye nyama yenyewe, bado nimenunua barafu kwa bei ya kamba.

Na bonge lile lina habari zake. Kamba waliogandishwa mmoja mmoja na kutunzwa vizuri, ukitikisa mfuko unawasikia wakigongana. Wakishikamana, na chini ya mfuko kuna maji ya wekundu wekundu yaliyoganda, mara nyingi walishayeyuka njiani wakarudishwa kwenye friza. Vichwa vya baadhi yao vilishaanza weusi. Weusi ule wenyewe si sumu, lakini unakuambia walichelewa kupata barafu baada ya kuvuliwa.

Na asiniambie mtu habari ya umbali. Dar mpaka hapa ni kama kilomita 450, lami tupu. Deli lililojazwa barafu sawasawa linapanda basi la usiku na kushuka asubuhi barafu bado ipo. Sato wa Mwanza tunawala hapa. Perege wa Mtera tunawala. Kamba wa Mafia na Rufiji wana nini cha kushindikana?

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba mtu asinunue kwake kabisa. Kisha nikapika.

Kwanza niwatendee haki kamba: hawakunuka. Aliyeharibika hutoa harufu kali ya amonia, na huyo hata ukimkamulia ndimu kapu zima ni wa kutupwa. Niliwamenya, nikawapasua mgongoni kutoa ule uzi mweusi, nikawakausha kwa kitambaa safi mpaka wakakauka kweli. Hapo kwenye kukausha ndipo wengi wanapopaharibu, kwa sababu kamba mwenye maji hakaangiki, anachemka. Kikaango kiwe cha moto, mafuta kidogo, kamba wasirundikane. Dakika moja na nusu, geuza, dakika moja nyingine. Wakishageuka rangi na kujikunja kidogo, watoe. Kwenye kikaango hicho hicho nikatia siagi, kitunguu saumu kilichotwangwa, pilipili na chumvi, kisha nikawarudisha wapakae tu. Ndimu ikaja mwisho, moto umeshazimwa. Ukishapalia wali ndipo uanze kamba, na vyote vitafika mezani pamoja. Sijui chakula cha jioni kinachokupa ladha kubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo.

Waliobaki nikawapika kwa nazi. Maganda, na vile vichwa ambavyo havikuwa na weusi, nilivichemsha kwa kitunguu maji na tangawizi, nikachuja, na supu hiyo ndiyo ikawa maji ya mchuzi: nyanya, binzari, tui zito mwishoni. Kamba waliingia mchuzi ukiwa tayari kabisa. Anayewatia mwanzoni pamoja na nyanya atatafuna mpira.

Mama mkwe alikuwepo, amekuja kutoka Kongwa, na kamba hajawahi kumla maishani mwake. Alimgeuzageuza yule wa kwanza, akamwonja, akanyamaza. Kisha akasogeza sahani: "Mwanangu, niongezee." Mimi nimekulia Tanga, kamba nawajua tangu utotoni, na nasema bila kusita kwamba wale walikuwa watamu, wanene, nyama yao imejaa. Tangu nihamie huku sijapata kamba wakubwa kama wale kwa mtu mwingine yeyote.

Basi moyo ukalainika. Nikasema nitampa nyota nne. Ndiyo, nne, pamoja na barafu yake yote. Nikajiambia labda siku ile alikuwa na mgonjwa nyumbani, labda wateja walishamchosha, kila binadamu ana siku zake. Nikampigia kumshukuru kwa kilichokuwa kizuri, na kumwomba kwa upole anifidie uzito uliopungua, hata kwenye oda nyingine, si lazima hela.

Aliposikia tu ni mimi akasema, "Mama, si umekula? Kama umekula unadai nini?" Akakata simu. Mtu niliyemwita kaka, niliyemlipa kabla sijaona hata chembe ya barafu yake!

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya kamba, si yake.

Ukiagiza kwa yeyote, mwambie akutumie picha ya kamba kwenye mizani kabla hujatuma hela, na aseme wazi uzito ni wa nini. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Mimi kwake sirudi. Labda, nasema labda, siku nikikosa kabisa kwingine, maana wale kamba wa nazi bado nawafikiria na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini kwanza tumalizane. Picha ya mizani ninayo, 1.3 inasomeka wazi, na nimeshamtumia. Akirudisha hela ya gramu 700, au akileta kamba wa uzito huo na neno la samahani, nyota nitaziongeza siku hiyo hiyo.