Tahadhari: pipi laini za mtama karibu na stesheni ya Jinan

Ndugu zangu mlioko Uchina, hasa wanafunzi wa Shandong na wafanyabiashara mnaopitia Jinan kutafuta zawadi za nyumbani, kaeni macho na duka moja karibu na stesheni ya treni. Linauza gaoliang yi, zile pipi laini za mtama zinazovutika ambazo Shandong inajivunia, na linawapunja wageni mchana kweupe.

Ujanja wao uko kwenye kibao cha bei. Kimeandikwa 15 kubwa, na chini yake, kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi, 50克, yaani gramu 50. Huku bidhaa nyingi za kupima zinauzwa kwa jin, ambayo ni gramu 500, basi mpita njia anadhani nusu kilo ni yuan 15. Kumbe ni yuan 150! Wala muuzaji hasubiri useme kiasi. Anachota, anajaza mfuko, anaufunga kwa mashine, ndipo anataja bei. Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza aliambiwa yuan 210 kwa gramu 700. Alipokataa, walimzunguka wawili wakifoka kwamba mfuko ukishafungwa haurudi. Akalipa. Supamaketi ya mtaa wa pili inauza nusu kilo kwa yuan 12.

Waislamu, kuna jambo jingine zito. Gaoliang yi ya asili hushikana kwa wanga, sukari na shira ya nafaka, laini kama halua iliyopoa, na kila kipande kimevikwa karatasi nyembamba ya wanga inayoliwa. Pipi za kupima za duka lile hazina lebo, na muuzaji anaapa ni mtama mtupu. Lakini katoni iliyokuwa nyuma ya kaunta ilikuwa na neno 明胶, jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Nunueni pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye orodha ya viambato na namba ya leseni inayoanza na SC ikifuatiwa na tarakimu 14.

Aliyekwisha kupunjwa asikae kimya. Piga 12315, simu ya malalamiko ya walaji, ukiwa na picha ya kibao na rekodi ya malipo ya WeChat. Sheria ya huku inampa aliyefanyiwa udanganyifu fidia ya mara 3 ya bei, isiyopungua yuan 500. Malalamiko ya mdogo wetu tumeshayapeleka, na asiyejua Kichina aniandikie, nitampigia mimi.