Kuingia Launji ya Uwanja wa Ndege: Njia Zipi Zinafaa Kulipiwa

Msafiri anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe kwenda Ulaya, Asia au Marekani mara nyingi huunganisha ndege Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na huko ndiko saa nyingi za safari hupotelea. Launji, yaani ukumbi maalumu wa kupumzikia uwanjani, hupunguza adha hiyo, kwani humo mna chakula, vinywaji, intaneti, mahali pa kuchajia simu na, katika zile kubwa, bafu la kuogea. Njia za kuingia ni nyingi na gharama zake zinapishana sana, kwa hiyo nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: kila unapoingia, unalipa kiasi gani hasa.

Nafasi ya kwanza naipa kadi ya benki ambayo tayari unayo. Kadi za ngazi za juu za Visa na Mastercard zinazotolewa na benki zetu, kama vile Visa Infinite, mara nyingi huja na haki ya kuingia launji kupitia mitandao ya launji kama LoungeKey na DragonPass, na wateja wengi hawajui kwamba haki hiyo wameshailipia ndani ya ada ya mwaka. Iombe benki ikujibu kwa maandishi: unaruhusiwa kuingia mara ngapi kwa mwaka, mgeni wako atatozwa kiasi gani, kuna kiwango cha matumizi unachopaswa kufikia kwanza, na je, kadi inatakiwa isajiliwe kwenye programu ya simu kabla ya safari? Swali hilo la mwisho lisipuuzwe, maana mwenye kadi halali ambayo haijasajiliwa anaweza kurudishwa mlangoni. Hata hivyo, sishauri mtu achukue kadi yenye ada kubwa kwa ajili ya launji peke yake.

Ya pili ni kununua kiingilio cha mara moja, nayo ndiyo inayomfaa anayesafiri mara moja au mbili kwa mwaka. Launji nyingi huuza nafasi mtandaoni au mlangoni. Mtandaoni ni bora kwa sababu unajua bei mapema na nafasi yako inakuwa imewekwa. Mimi huona inastahili pale kusubiri kunapozidi saa 3. Chini ya hapo, mlo mmoja wa mgahawani utakugharimu kidogo zaidi, na muda uliobaki utaumaliza ukitembea kuelekea langoni.

Uanachama wa kulipia kwa mwaka katika mtandao wa launji nauweka nafasi ya tatu, na hapa ndipo watu hununua bila kupiga hesabu. Chukua Priority Pass, iliyoanzishwa mwaka 1992 na inayojulikana kuliko yote. Viwango vyake vya dola vimekuwa vitatu: dola 99 kwa mwaka, huku ukilipa dola 35 kila unapoingia, dola 329 zikiwa na viingilio 10 ndani yake, na dola 469 bila kikomo kwa mwanachama mwenyewe. Anayeingia mara 3 kwa mwaka katika mpango wa kwanza hulipa jumla ya dola 204, yaani dola 68 kila mara, ambazo kwa kawaida ni zaidi ya kiingilio cha mara moja. Mpango wa pili huanza kuushinda wa kwanza kuanzia mara ya 7, na wa tatu huanza kuwa nafuu unapovuka mara 14. Tena mgeni hulipiwa kando, na launji ikijaa inaweza kumkataa mwanachama. Kwa familia inayosafiri mwezi Desemba, wakati kila mahali pamefurika, huo si ununuzi mzuri.

Hadhi ya msafiri wa mara kwa mara, ambayo shirika la ndege humpa mteja anayeruka nalo sana, haiuzwi dukani, lakini kwa anayesafirishwa na mwajiri wake inapita njia zote nilizotaja. Siri yake ni kutotawanya maili, yaani pointi unazopata kwa kila safari, kwa kuwa mashirika mengi yamo katika miungano. Kenya Airways imo katika SkyTeam tangu 2010, Ethiopian Airlines katika Star Alliance tangu 2011, na Qatar Airways katika oneworld tangu 2013. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu. Chagua mmoja, ukusanye humo. Mwenye daraja la dhahabu la Star Alliance, kwa mfano, huingia pamoja na mgeni mmoja hata akiwa na tiketi ya daraja la kawaida.

Tiketi ya daraja la biashara ni ya mwisho kama unaitaka kwa sababu ya launji. Isitoshe, Qatar Airways na Emirates zimewahi kuuza nauli za bei ya chini za daraja hilo zisizo na haki ya launji, hivyo soma masharti ya nauli kabla ya kulipa.

Ukishapata njia yako, hakikisha launji iko katika jengo utakaloondokea. Nairobi, aliye katika jengo 1A hafaidiki na launji iliyo jengo jingine. Launji nyingi za mitandao hazimpokei mtu mapema zaidi ya saa 3 kabla ya ndege kuondoka. Ukiingia, ulizia bafu kwanza, kwa maana foleni yake hukua haraka kuliko ya chakula, na weka kengele ya simu, kwa kuwa launji nyingi hazitangazi safari. Kadi ikipitishwa mashineni, hesabu idadi ya watu iliyoandikwa kabla ya kutia sahihi.

Iwapo utasubiri Addis Ababa zaidi ya saa 8 kwa sababu hakuna ndege ya karibu zaidi ya kuunganisha, iulize Ethiopian Airlines kuhusu hoteli ya abiria wa kupita kabla hujanunua kiingilio chochote. Tiketi inayostahili hukupatia chumba, mlo na usafiri, na hakuna launji itakayokupa usingizi wa kitandani.